Buluu ya Chembe Zilizokufa

Mume wangu alifariki mwezi wa Aprili, 1974, siku mbili baada ya kula uyoga wa kichuguu nilioutoa kwetu, karibu na Wang'uru. Daktari alisema ini lake lilikuwa limeharibika tangu zamani. Mama mkwe alisema ni uyoga. Kwao Othaya chakula hicho hakikuzoeleka, na neno lake ndilo lililokaa katika nyumba ile. Binti zangu wawili walilelewa kwake nikiwa shuleni, na baadaye kazini, na hawakuruhusiwa kutia mdomoni chochote nilichopika.

Shule niliianza nikiwa mama tayari. Mwaka 1976 nilifanya mtihani wa darasa la saba, nimeketi nyuma ya mtoto ambaye ningeweza kumzaa. Sikuona haya. Kufikia 1981 nilikuwa msaidizi wa maabara mjini Nyeri, na koti langu jeupe halikuwahi kuonekana na kunyanzi.

Mei 1985 mtafiti mmoja, mtu wa magharibi mwa Kenya, alileta kikapu cha uyoga wa mwituni. Wa kichuguu niliutambua kwa harufu kabla hajaufunua. Kazi yetu ilikuwa kuukausha, kuusaga na kuuchemsha, kisha kuyatia maji yake kwenye chembe hai za ini la panya na kuona kama zitakufa. Chembe nyingine zilipewa maji hayo kwanza, ndipo tukazitia sumu, tuone kama zimekingika. Mwishoni tulidondosha rangi ya buluu. Chembe iliyokufa huinywa rangi; iliyo hai huikataa.

"Dada, unachungulia hiyo darubini kana kwamba unamtafuta mtu," mtafiti akanitania. "Kwetu huo tunaula tangu tukiwa tumboni. Umeona tumeisha?"

"Wewe tazama chembe zako," nikamjibu. "Zangu niachie."

Karibu zote zilikuwa angavu. Za buluu zilitokea katika maji mazito kabisa, nazo chache. Zile zilizotiwa sumu baada ya kupata uyoga zilinusurika zaidi kidogo kuliko zilizokosa. Kidogo tu, sikuongeza chumvi wakati ule, wala siongezi leo.

Jumamosi nilikwenda Othaya, nikamkuta mama mkwe akichambua maharagwe, nikamweleza yote.

"Ati panya?" Hakuinua macho. "Mwanangu alikuwa panya?"

"Hapana, Mama. Lakini alikuwa na ini, na panya analo. Uyoga huu haukuliua."

"Panya hula hata sabuni. Kula wewe, nikuone."

Juma lililofuata nilirudi na uyoga kutoka kwetu. Niliukaanga kwa kitunguu jikoni mwake, nikaketi, nikala taratibu mbele yake. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia bibi yake.

"Cucu, nionje?"

Mama mkwe alinitazama mimi, si yeye.

"Mbona unaniuliza mimi?" akasema. "Aliyepika si huyo hapo?"

Nikampa binti yangu kijiko changu.