Nilimvunja Vidole kwa Sababu ya E Saba

Wenzangu, mimi ni mkosaji. Msinitafutie udhuru, na wala msiniulize jina, maana mtaa wetu wa Kuze mzima wanijua na mamangu yu hai.

Nilimvunja mtu vidole. Si mwizi, si adui. Sahibu yangu! Na nilimvunja nikiamini namtetea marehemu babangu. Yarabi!

Nina mkono mwepesi tangu utotoni. Niliwahi kumng'oa jino mpiga dumbaki wa kundi letu la taarabu mbele ya bibi harusi, ati kwa kuharakisha mapigo tu. Mama akiniambia, “Hasira hasara, mwanangu,” nami nikiona ni maneno ya wanawake. Mjinga mimi!

Wakati ule vita vikuu vimepamba moto, bandari ya Kilindini imejaa meli. Siku za kazi nalikuwa nikishona midomo ya magunia katika ghala moja Shimanzi. Harusini nikipiga fidla. Pale ghalani palikuwa na hamali mmoja Mrabai, Mkristo, kwa jina Kazungu. Alikuwa akipiga gita katika bendi ya dansi kule Makupa, Jumapili alasiri. Baharia mmoja mweusi wa Marekani alikuwa amemfundisha kusoma alama za nyimbo za jazi, nami nikamwomba anifundishe.

Saa ya chakula alichukua chaki ya kutilia magunia alama, akachora kwenye sakafu.

“Sikiza, sahibu. Herufi ni jina la sauti. Ikikaa pekee, kodi yake ni meja, yenye uso mkunjufu. Ikiwa na m ndogo ubavuni, ni maina, mtu amefiwa hapo.”

“Kodi gani tena? Ya kichwa hatujamaliza!”

“Wee! Kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Wataka kujifunza ama wataka mzaha?”

Tukacheka. Akaandika A na m ndogo, na chini yake ngazi ya sauti za kuchezea juu ya kodi hiyo: A, B, C, D, E, F, G. Nikaipiga kwenye fidla kupanda na kushuka, ikanikolea. Nikajiona nimehitimu.

Kisha akachora E, na saba kando yake, na kialama cha tisa iliyoshushwa, ndiyo F. Akasema, “Hii ndiyo yawatoa watu jasho. Ukifika hapa, ile ngazi ya kwanza haifai tena. G yataka ipande nusu hatua. F ibaki chini pale pale. Na E saba haikaliki, sahibu, yaning'inia mpaka uirudishe kwa A yake.” Halafu akaanza kutabasamu. “Ukiipiga hiyo utacheka mwenyewe. Utajikuta kwenu Kuze.”

Mimi sikutaka kuambiwa ngazi yangu haifai. Hamali anisahihishe mimi, niliyezaliwa kwenye mtaa wa fidla na udi?

“Maina ni maina! Ngazi ni moja!”

“Basi nyamaza nikuimbie usikie.”

“Sitaki kuimbiwa!” Nikafuta maandishi kwa mguu, nikashika shazia yangu nikarudi kushona magunia. Kosa la kwanza ndilo hilo, wenzangu. Nilikataa nusu ya pili ya somo.

Sasa yapasa niwaeleze habari za babangu. Alikuwa muadhini wa msikiti wetu, na alikuwa amefariki hata mwaka haujatimia. Sauti yake ilikuwa na mwendo wake. Yaanza chini, yapanda hatua nyembamba, kisha yaruka hatua pana, kisha nyembamba tena. Sisi watu wa fidla twauita mwendo ule hijazi. Tangu azikwe, nikiusikia popote machozi yanitoka. Kazungu naye alimjua. Akipita Kuze na mzigo kichwani, alikuwa akisimama ukutani mpaka mzee amalize adhana, ndipo aende zake.

Jumapili iliyofuata somo lile, Kazungu akanibembeleza niende Makupa nikamsikilize. Mimi mahali pa pombe siingii, kwa hiyo nikasimama mlangoni. Ndani askari, mabaharia, wanawake, chupa kila meza. Wimbo ulikuwa wa maina. Kazungu akainuka apige peke yake, macho kayafumba, anatabasamu.

Akafika mahali, nikamsikia babangu!

Wallahi nilimsikia. Hatua nyembamba, hatua pana, nyembamba tena, kwenye gita, katikati ya harufu ya bia! Na baharia mmoja mlevi akatia mkono sikioni, akapaza sauti kuiga mtu anayeadhini. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Damu ikanipanda kichwani. Nilipita juu ya meza, chupa zikapasuka. Kazungu hakuniona kwa kuwa macho alikuwa ameyafumba. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, akaanguka na gita lake, mbao zikapasuka chini yake.

“Wamcheza shere babangu? Wamcheza shere maiti?”

Nikampiga tena. Nikampiga teke la mbavu. Damu ilimtoka puani na kinywani ikaingia shatini kwangu. Naye chini pale, badala ya kuomba msaada, akawa anapiga kelele: “E saba, sahibu! Ni E saba!”

Mimi nikaona ndiyo anazidi kunidhihaki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshika shingo ya gita. Nikaupandia kwa kisigino. Nikaupandia tena, nikakizungusha kisigino. Nilisikia mifupa ikikatika, na moyoni nikafurahi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wenzangu. Nilifurahi!

Askari walinitoa nje kwa mateke na vitako vya bunduki, na sikujali. Mtaani wako walionipa mkono. “Mwana wa muadhini ni mwanamume!” Nami nikatembea kifua mbele, kumbe bure aali, mtu nisiye na maana.

Kazungu hakunishtaki. Hospitali aliwaambia ameangukiwa na sanduku kazini. Vidole vitatu vikaunga vibaya, havikunjiki. Bendi ikamchukua mpiga gita mwingine. Ghalani nako, hamali wa mkono mmoja nani amtaka? Akaondoka bila kuniaga, nami sikumuuliza mtu alikokwenda.

Muda ukapita. Tukaitwa kwenye harusi moja kule kule Kuze, na safari hii pamoja nasi alikuja mpiga kodiani mgeni, anayejua mitindo mipya. Akaanza wimbo wa maina. Mimi na ngazi yangu moja nikamfuata kwa madaha. Tulipofika mahali, sauti yangu ikagongana na yake, ikalia vibaya mpaka mabibi wakageuka kutazama.

Yule mgeni akaninong'oneza, “E saba hiyo, maalim! Pandisha G!”

Kidole kikapanda chenyewe kabla sijafikiri. F chini, G imepanda. Hatua nyembamba, hatua pana, nyembamba tena. Babangu huyo! Chini ya vidole vyangu mwenyewe, penye vigelegele na marashi, na bibi mmoja anakuja akicheza kunituza noti kifuani.

Hakuna aliyeruka meza kunipiga. Hakuna aliyeniuliza kama namcheza shere maiti. Walinishangilia!

Upinde ukanianguka. Nikatoka nje viatu mkononi. Kazungu alikuwa amesoma alama tu, kama ilivyoandikwa. Na pale alipojua inafanana na sauti ya mzee wangu, aliipiga kwa mapenzi. Alitaka nicheke. Alitaka nijikute kwetu.

Nilimtafuta mpaka nikampata Makupa, anachoma mihogo kando ya njia ya malori, anaigeuza kwa mkono wa kulia. Nikapiga magoti vumbini. Watu wakasimama kututazama.

“Inuka, waniharibia biashara,” akasema.

“Nimeijua E saba, Kazungu. Nisamehe!”

Akapepea makaa. “Umechelewa somo.” Kisha akaingia kibandani akatoka na lile gita, mbao zake amezifunga kwa uzi wa magunia. Akakaa, akaegemeza mkono wa kushoto kwenye shingo ya gita. “Nisaidie. Mimi siwezi kubonyeza. Weka vidole vyako juu ya vyangu.”

Nikaweka. Ngozi ya vidole vile ilikuwa ngumu, na mfupa umepinda nilipoukanyaga mimi. Nikabonyeza. Akapiga nyuzi kwa mkono wa kulia, E saba ikatoka sawasawa, ikaning'inia. Akafumba macho kama siku ile.

“Haya, irudishe kwa A yake. Upesi, sahibu.”

Nikamhamisha vidole. Havikukubali kukunjika. Nikabonyeza zaidi, akatoa ukelele, akaunyakua mkono wake akauficha kwapani. Machozi yalimtoka kwa uchungu.

“Basi,” akasema. “Iache hapo hapo.”

Alinisamehe, alisema hivyo kwa ulimi wake, akanipa na kipande cha muhogo. Lakini gita halikupigwa tena, na tangu siku hiyo nami fidla nimeitundika.

Enyi wenye mikono myepesi kama wangu! Ukisikia jambo likakuchoma, uliza kwanza, na ukijibiwa, sikiza jibu mpaka mwisho. Mimi nilijibiwa. Alinipigia kelele lile jibu damu ikimtoka kinywani, nami nikamkanyaga.