Mwonjaji wa Mchicha

Juzi sokoni Kariakoo, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alifungua fungu la mchicha, na kiwavi akatokea juu ya jani lililotobokatoboka. Muuzaji akaona aibu.

"Samahani dada, ngoja nikubadilishie. Huo umeliwa."

"Uache hivyohivyo," mama akasema, akimwekea kiwavi kidole. "Mwanangu ndio anaanza kula. Ndizi nipe zozote, zina maganda. Mchicha nataka huu ambao haujapigwa dawa."

Kiwavi akapanda kidoleni taratibu. Wateja wote tukamtazama kama bwana harusi anayeingia ukumbini.

Zamani wafalme walikuwa na watu wa kuwaonjea chakula. Mtoto yule naye anaye wake, na nimemwona kwa macho yangu: ameshiba, na bado anatembea.