Kuomba Mke kwa Mgongo

Mwalimu wetu wa tamthilia alikaa Ulaya miezi michache, akarudi na koti la sufu na dharau kwa kila kinachochekesha Bukavu. Mwaka wetu wa mwisho chuoni alituchagulia komedi ya zamani ya Waingereza, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akatufundisha kunywa chai tukiwa tumenyanyua kidole cha mwisho. Chai yenyewe ilikuwa maji ya rangi. Miavuli tulikuja nayo kutoka nyumbani, maana mvua ya Bukavu haimngoji Mwingereza.

Mimi nilipewa nafasi ya kijana anayeomba kuoa. Nilipaswa kukaa goti kwa goti na mama wa msichana, nimkazie macho, nichukue andazi kwenye sahani yake na kulitafuna huku nikimwomba binti yake. Pointi zangu za mtihani wa mwisho zilikuwa hapo. Nilimweleza mwalimu kwamba kwetu mtu hamwangalii bokilo, yaani mama mkwe, usoni, sembuse kula mbele yake. Akasema huo ni ushamba, Mwingereza huchekesha kwa macho.

Kama angekuwa bokilo wa jukwaani peke yake ningevumilia. Lakini mchumba wangu alimleta mama yake kutoka kijijini Miti, akaketi safu ya mbele na wamama wenzake wa parokia. Wazee wangu walikuwa wamejiandaa kwenda kwa mama huyo kuomba, naye alikuwa bado hajasema ndiyo.

Nilipovuta kiti nimsogelee mama wa jukwaani, nilimwona yule wa kweli akijifunika kitenge hadi puani na kugeuka. Safu nzima ikageuka naye. Nyuma ya pazia mwalimu alikuwa akininong'oneza, macho, macho. Hasira zikanipanda. Nikaacha andazi, nikasimama, nikamgeuzia mgongo mama wa jukwaani na kumwomba binti yake nikiuangalia ukuta.

Aliyeigiza mama alikuwa msichana wa mtaa wa Kasha asiyekosa neno. Naye akanigeuzia mgongo, akaujibu ukuta wa pili. Tukaendelea hivyo hadi mwisho wa onyesho, kwa adabu zote za Kiingereza, andazi likiwa katikati halina mwenyewe. Watu walicheka hadi maneno yetu yakawa hayasikiki, na wamama wa parokia wakageuka kutazama. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amecheka.

Mwalimu aliiambia jury ya mtihani kwamba nimeua komedi. Nikarudia mwaka, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Siku ya kuomba, bokilo alikaa chumba cha ndani, sisi tukakaa sebuleni. Alimtuma mchumba wangu alete neno.

“Mama anasema ulifanya muzuri. Anauliza, ule professeur wenu iko na bokilo?”

Nikajibu kwamba hajaoa.

Kutoka kule ndani, bila kungoja nijibu lolote zaidi, mama akasema, “Ndjo maana.”