Msinishushe Mlimani

Ukungu bado umelala juu ya mteremko wa Bigwa, na Magreth Kobelo ameshatumbukiza mikono kwenye mfereji, katika maji ya Uluguru yanayotia ganzi vidole. Anaosha karoti, anazifunga mafungu na kuzipanga kwenye tenga. Mdomo nao haupumziki.

"Shikamoo mama," anaita jirani anayepita na mzigo wa kabichi.

"Marahaba. Wahi, usije ukauza majani makavu!"

Ana miaka sitini na sita, na tangu usichana wake anauza mboga Morogoro mjini. Soko likichangamka hurudi na shilingi elfu kumi na tano. Likidoda, majirani hula karoti za bure.

Machi mwaka huu alimwaga mbegu za karoti kwenye tuta alilokuwa amekwisha kupanda spinachi. Hakukumbuka hata kidogo.

"Zilipoota pamoja nilicheka," anasema. "Halafu nikakaa chini. Nikamkumbuka mama."

Mama yake, Bibi Cecilia, alikuwa hashiki jembe bila kuimba. Watoto wa mteremko mzima walijua amefika tuta gani kwa kufuata sauti yake. Magreth akisimulia siku hizo uso hulainika: magimbi ya kuchoma, kahawa ya kutwanga nyumbani, milango isiyofungwa mchana kutwa. Anazitamani mpaka leo, na hasemi kwa kuzunguka.

Bibi alipoanza kusahau, Tomasi, kaka yake Magreth, alimchukua kwa nia njema akaishi naye Kilakala, kule mjini, karibu na hospitali. Alipewa chumba chenye umeme na kitanda kizuri. Kila alfajiri alikutwa getini, kitenge kichwani, akiwaomba wapita njia wamwonyeshe pa kupandia kwenda kwake. Alifia huko huko.

"Hakuna aliyemwonea," anasema Magreth. "Ila hatukumuuliza alipokuwa na akili zake."

Ndiyo maana alishuka mjini kwa Rahel, mwanasheria anayetoa msaada wa kisheria, akitaka kuandika wosia. Rahel alimsikiliza, kisha akamweleza kwamba wosia humsubiri mtu afe, wakati hofu yake ilikuwa kipindi cha kabla ya hapo, akiwa hai na akili imemtoka.

Wakaandika vyote viwili. Wosia ulikuwa wa nyumba na vyombo, maana shamba ni la ukoo, halina mjadala. Karatasi ya pili ilieleza namna ya kumtunza, na nani aseme kwa niaba yake. Mstari wa kwanza aliutamka mwenyewe: Msinishushe mlimani.

Ilibaki sahihi ya huyo wa kusema kwa niaba yake: Joseph, mwanawe wa pekee, fundi wa kuchomelea anayeishi Mbagala, Dar es Salaam. Kumbe huko alikwisha kumwandalia mama chumba, feni na yote. Jumapili iliyopita alipanda mlima, akaisoma karatasi.

"Mama, huku juu nani atakuangalia?"

"Upendo, mtoto wa dada yangu, yupo nyumba ya pili. Tumeshaongea. Wewe utakuwa unamtumia chochote."

Joseph alishika kalamu, akaiweka tena.

"Na siku ukisahau, ukanililia mwenyewe nikushushe? Nifuate karatasi, au nikufuate wewe?"

Hilo hata Rahel hakuwa ameliuliza. Magreth alitazama mabati ya mji kule chini. Machozi yalimlenga, na wala hafichi.

"Nishushe," alisema. "Nizungushe mjini, ninunulie soda. Jioni nirudishe."

Joseph alicheka na kulia kwa pamoja, akasaini.

Nakala moja atakaa nayo Rahel, nyingine Upendo. Magreth anaomba zikae kabatini miaka mingi. Ila ile safari ya soda hataki isubiri ugonjwa. Ameshamwambia mwanawe waianze Krismasi hii.

"Nataka niizoee," anasema, "ningali namjua aliyenishika mkono."