Nilijaza Mteremko Ambao Sikuukanyaga

Admin, ukiichapisha habari hii, tafadhali ondoa jina langu, kwa maana wanafunzi niliowafundisha wamo humu kwa wingi. Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu. Ninaishi Ruiru na shamba langu liko Ngoliba. Maisha yangu yote nimekuwa mkali kwa watu wanaofanya kazi nusunusu. Leo ninaandika kwa aibu.

Kikundi chetu cha kutunza msitu kule Ngoliba kilipata mtafiti kijana, ambaye nitamwita Nafula. Alitaka kompyuta ituonyeshe jinsi mlima wetu utakavyokuwa baada ya miaka thelathini. Lakini kompyuta haiwezi kukisia kabla ya kupewa habari, na kuna programu maalumu ya kuziandaa. Ramani ya mlima imegawanywa katika miraba midogo, na kila mraba hujazwa aina ya miti, umri wake, udongo na maji. Mraba usiojazwa huwa mwekundu, na programu hukataa kuendelea.

Niliombwa mimi nijaze. Upande wa mto niliutembea vizuri. Upande wa mawe una jua kali, na goti langu lilikuwa likiniuma. Nafula aliniambia waziwazi, "Mzee, usijilazimishe. Kama hujafika, wacha ikae red. Tutaenda pamoja tuangalie."

Ndugu zangu, wino mwekundu nilikuwa nikiwawekea wengine. Sikustahimili kuuona kwenye kazi yangu mwenyewe. Nikachukua habari za upande wa mto, nikazinakili katika miraba yote ya upande wa mawe. Wekundu ukatoweka.

"Eish, Mwalimu! Umemaliza zote?" Nafula akashangaa. "Na huku kwa mawe ulifika?"

"Nilifika," nikamjibu.

Kwenye mkutano, picha ilionyesha upande wa mawe ukiwa msitu mnene, mradi tu mbuzi wasiachwe kula huko. Watu wakapiga makofi, na kikundi kikapitisha mbuzi wafungiwe. Anayelisha huko ni Wangare, mjane wa binamu yangu. Hana malisho mengine.

"Wangare, sasa mbuzi zako zitakula nini? Makofi?" mtu mmoja akamtania.

"Zitakuja kula kwako, na utapika chai!" akamjibu, watu wakacheka. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, hiyo msitu itarudi kweli?"

"Kompyuta imeonyesha."

"Sijauliza kompyuta. Nimeuliza wewe."

"Utarudi," nikasema.

Siku chache baadaye nilishuka upande wa mawe peke yangu, polepole, nikishika fimbo. Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo. Udongo ni mwembamba, maji hakuna, na hata nyasi huota kwa taabu. Huko hakutaota msitu kama ule wa kwenye picha, mbuzi wawepo au wasiwepo. Nilirudi nyumbani nikanyamaza.

Leo asubuhi Wangare amenipigia simu. Kwa kuwa ninaishi karibu na Kamakis, penye hoteli nyingi za nyama choma, ameniomba nimtafutie mwenye hoteli mmoja awanunue mbuzi wake wote. Anawaleta Jumamosi.

"Lakini huyo mweusi usiuze," akaniambia. "Huyo ni wako, Mwalimu. Umetembea hiyo mlima yote kwa ajili yetu na goti mbaya. Mungu akubariki."

Nikamwambia asante. Hilo ndilo neno lililotoka kinywani mwangu.

Nikisema ukweli, Nafula atalazimika kurudia kazi aliyokwisha kuitangaza kwa jina lake, na mimi sitakuwa tena yule mzee asiyekosea. Nikinyamaza, mjane atachinjiwa mbuzi wake kwa ajili ya msitu nilioutunga nikiwa nimekaa kitini. Nishaurini, nyote mnaosoma hapa. Nianze kwa Nafula, kwa kikundi, au nimpigie Wangare kwanza? Na nikimpigia, nimwambieje mtu aliyekwisha kunichagulia mbuzi?