Maji ya Kibao

Nikikumbuka yale maji, mpaka leo mate yananijaa mdomoni, na siyo ya hamu.

Tulisoma kijijini Mgori enzi za Mwingereza, shule ya misheni ya ukuta wa udongo. Kila mtoto alikuwa na kibao cha jiwe jeusi. Unaandika, mwalimu anapita, unafuta. Na kufuta kwenyewe ni kwa mate: unatema thuu, unasugua kwa kiwiko. Wengine makamasi nayo humo humo. Kibao changu kilinuka kama mdomo wa beberu.

Hesabu za kuzidisha tulifundishwa kwa kuimba, darasa zima pamoja, tunayumba kama walevi wa pombe ya mtama. Ukiimba na wenzako unajiona umeiva. Ukiulizwa peke yako saba mara nane, huna kitu. Unaanza kimoyomoyo saba mara moja, katikati wimbo unakatika, umeachama hapo nzi wanaingia. Nami nilikuwa hivyo hivyo, na nilijiona msomi!

Tukaambiwa mkaguzi anakuja kuchagua watakaoingia darasa la tatu. Baba akasema, "Ukirudishwa, unarudi kwenye mbuzi moja kwa moja. Nyimbo utawaimbia wao."

Shangazi, dada yake baba tuliyeishi naye, ndiye aliyeleta uchafu. Majirani zetu Waislamu, mtoto wao akiwa mzito wa kushika masomo, mwalimu wa chuo cha Kurani humwandikia kombe: aya kwenye sahani safi, kwa zafarani, zinaoshwa kwa maji, mtoto anakunywa. Shangazi akaona kumbe maandishi yananyweka. Akachukua kibao changu kimejaa hesabu, akakimwagia maji, akayakinga kwenye kata.

"Shangazi, hayo ni mate!"

"Mate ya nani? Si yako mwenyewe?"

"Na ya mwenzangu ninayeshiriki naye kibao akisahau chake. Ana vidonda mdomoni."

"We mtoto, acha maringo. Kunywa!"

Mkubwa akisema, unakunywa. Yalikuwa vuguvugu, yanateleza kama kamasi, na unga wa jiwe unakwaruza meno. Nikatapika palepale, juu ya miguu yake.

"Umezitapika zote!" akapiga kelele. "Hata mbili mara mbili umeitoa!"

Kinyaa kilinipa akili. Kesho yake, nikisaga uwele, nililaza kibao chenye hesabu na majibu yake kifudifudi kando ya jiwe la kusagia. Najiuliza bila kufuata mpangilio, najibu kwa sauti, ndipo nakigeuza kutazama. Niliyokosa nayarudia siku inayofuata, na baada ya siku kadhaa tena, maana jambo likianza kunitoroka ndipo nalikamata vizuri.

Mama akanitazama. "Unagombana na jiwe sasa? Wifi yangu kamharibu mtoto."

Ilichosha. Kuimba kulikuwa raha, na raha ile ndiyo ilitudanganya. Wajukuu zangu nao nawaona wanatazama ukurasa ule ule, wanatikisa kichwa, wanasema bibi nimeelewa. Funga kitabu uniambie! Wanatoa macho. Naona kichefuchefu kama cha siku ile.

Mkaguzi alipofika aliuliza kuanzia katikati. Wenzangu wakaanza kunong'ona wimbo chini chini. "Sikuja kusikiliza kwaya," akasema, akaninyooshea kidole. "Nane mara saba?"

"Hamsini na sita."

"Sita mara tisa?"

"Hamsini na nne."

Mwenzangu wa vidonda alikuwa bado yuko sita mara tatu, jasho linamtoka.

Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe kusema nimechaguliwa. Shangazi akadakia, "Kuna maji yalibaki tumboni!" Nilitamani kumtapikia tena.

 Asubuhi baba alifungua zizi, akawatoa mbuzi yeye mwenyewe, akiwatukana mmoja mmoja mpaka walipopotea vichakani. Mimi nikanawa uso, nikaenda shule.