Ploti Moja, Mistari Miwili

Kabla sijafika mbali, mnisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu huegemeana kama watu waliochoka, na bila shaka kuna maneno nimeyakosea ambayo mtoto wa darasa la tano angeyaandika sawasawa. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu huishika mara chache. Naandika polepole, nafuta, naandika tena. Lakini jambo hili limenikaa kichwani na sijui nimwulize nani, ndiyo maana naliandika.

Ninaishi na nyanya yangu upande wa Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Ploti yetu ni ya mwisho kabla ya laga, ule mto wa mchanga unaopata maji siku za mvua tu. Nyanya alifika hapa wakati kulikuwa na nyumba chache za udongo na miiba mingi. Kaunti ilipoanza, watu wa ofisi walikuja, wakanunua ploti, wakajenga nyumba za mawe zenye mabati ya rangi. Sisi hatukuhama, lakini siku moja tulijikuta tuko nyuma ya estate.

Waliokuwepo na waliokuja waliunda chama cha wenye ploti. Kila Desemba tunakutana uwanjani, penye tangi kubwa la maji, kuamua mambo ya mwaka: taka zitupwe wapi, mlinzi awe nani, taa ya kona itengenezwe lini. Kila ploti ina msemaji mmoja na kura moja. Nyanya aliniweka mimi niwe msemaji wa kwetu kwa sababu najua kusoma. Hakufikiria kwamba msemaji anatakiwa kusema. Mimi nikiulizwa jambo mbele ya watu, maneno hunikauka. Mikutano ya kwanza nilikaa nyuma, nikainua mkono pale niliyemwamini alipoinua wake, nikarudi nyumbani.

Mwaka ninaousimulia, jambo lilikuwa njia ya nyuma. Njia hiyo inapita kando ya nyumba yetu na kushuka kwenye laga. Wezi walikuwa wanaitumia usiku kuja na pikipiki, wakabeba mitungi ya gesi na nguo zilizoanikwa. Wengi walitaka ujengwe ua mrefu upande wa laga, ibaki geti moja tu la mbele, kwenye lami.

Lakini mbuzi wa nyanya hupita kwa njia hiyo kila asubuhi kwenda malishoni. Kupita mbele ni kupita katikati ya malori ya Moyale, na nyanya ana fimbo moja na magoti mabovu. Alikuwa ameshaniambia, bila hasira, kwamba njia ikifungwa atahamia Ngare Mara kwa dada yake mdogo, yeye na mbuzi wake. Mimi ningebaki, kwa sababu kazi yangu ni kuosha pikipiki mjini karibu na soko, na huko Ngare Mara sijui ningeosha za nani. Nyanya ndiye aliyenilea. Nilijaribu kuiona ile nyumba bila yeye, nikashindwa.

Kwa hiyo nilijua kura yetu ni ipi. Hapo sikuwa na shida yoyote. Shida ilikuja na mistari.

Mwaka uliotangulia tulipiga kura kwa mikono, ikawa vurugu. Wengine waliinua miwili, na watoto waliokuwa wakicheza kando wakainua yao pia. Mtu akapendekeza karatasi, akaulizwa wale wasiosoma wataandika nini. Basi Madam, mwenyekiti wetu, anayefanya kazi ofisi za kaunti, akasema safari hii ni mlolongo. Kila upande utakuwa na mtu mmoja mbele, na wanaokubaliana naye watajipanga nyuma yake.

Mbele ya upande wa kufunga njia alisimama Mwalimu. Ni mama Mmeru aliyestaafu, na alinifundisha darasa la nne. Mfereji wetu ukikauka, yeye hutuachia tuteke maji kwenye tangi lake na hajawahi kutuuliza tutamaliza lini. Mbele ya upande wa kuacha njia wazi alisimama Hajji, mfanyabiashara wa mifugo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alipojenga ukuta huo alikata mgunga uliokuwa mpakani, mti ambao mbuzi wa nyanya walikula matunda yake. Tangu siku hiyo nyanya hakumsalimia tena. Idd moja Hajji alituletea nyama, na nyanya akairudisha na sahani yake.

Majina ya hao wawili yalitangazwa mapema. Asubuhi ya mkutano, nyanya alikuja nyuma yangu nikiosha uso. Akasema, "Usisimame nyuma ya yule mtu."

Nikamuuliza, na mbuzi je? Akajibu kwamba mbuzi ni wake, yule mtu si wake.

Madam alitangaza uwanjani kwamba tusitazame mtu, tutazame jambo. Nilijaribu, lakini mtu amesimama mbele yako na kofia yake, na jambo halionekani. Hata wengine nadhani walishindwa. Mwenye duka la kona, ambaye hana hata kuku, alikwenda nyuma ya Hajji kwa sababu Hajji ni mteja wake mkubwa. Kijana mmoja anayefuga kondoo alikwenda nyuma ya Mwalimu kwa kuwa wanaimba pamoja kwaya. Bwana mmoja wa ofisi aliyelalamika mwaka mzima kwamba mbuzi wamekula maua yake nilimwona nyuma ya Hajji, na nikasikia mtu anamwambia, "Shemeji, wewe leo umewasamehe mbuzi?" Akacheka tu, akavuta kofia.

Mimi nilisimama katikati mpaka Madam akaniangalia. Mwalimu naye aliniangalia, na nikainamisha macho kama zamani nilipokosa hesabu. Halafu nikaenda nyuma ya Hajji. Miguu ilienda kabla sijaiambia. Niliwaza Ngare Mara, nikaenda.

Niliposimama, niligeuka kumtafuta nyanya. Alikuwa ameketi kwenye jiwe na wanawake wengine, mahali pa watu wasiopiga kura. Nikamwona anainuka, anakung'uta shuka yake, anatembea na fimbo yake polepole, anavuka uwanja wote. Akaenda kusimama mwisho wa mstari wa Mwalimu.

Madam alipofika kwake na hesabu yake alisimama. Akamweleza kwa heshima kwamba ploti yao imeshasimama kule, msemaji ni kijana. Nyanya akasema hapingi, kijana asimame kule, yeye anasimama hapa.

"Ploti moja haiwezi kuwa kwa mistari miwili, mama."

"Mbona imekuwa?" nyanya akasema.

Watu walianza kucheka. Mmoja akasema tugawanywe, nyanya achukue nyumba, kijana achukue mbuzi. Mwingine akasema ploti ikivutwa pande zote mbili itapasuka na laga itaingia. Mama mmoja nyuma yangu hakucheka, alisema kwa sauti ya chini kwamba nimemuasi nyanya yangu mchana kweupe. Neno hilo liliniingia. Nilitaka kutoka kwenye mstari, lakini nikitoka ningekwenda wapi?

Madam akatuambia twende kando tukubaliane. Tukaenda nyuma ya tangi, mimi na nyanya, watu wote wakingoja juani.

"Nyanya, unataka njia ifungwe?"

"Nani amesema?"

"Si umesimama kwa wanaosema ifungwe?"

"Nimesimama nyuma ya Mwalimu."

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja. Mwalimu ni mtu. Njia ni njia."

"Na ikifungwa?"

"Nitaenda Ngare Mara. Nilikwambia."

Nilimwomba aje kwangu basi, kama hataki kwenda. Akanitazama kama mtu anayesikia jambo la aibu. "Nisimame nyuma ya yule? Niangalie kisogo chake?"

Nikamwambia basi nitakuja mimi kwa Mwalimu, tuwe pamoja. Hapo akanishika mkono. Akasema hapana, nikae pale nilipokwenda, kwa sababu nimeshakwenda na watu wameniona. Sikuelewa. Mpaka leo sehemu hiyo sijaielewa.

Tuliporudi Madam aliuliza tumeamua nini. Nikafungua mdomo. Nyanya akasema, "Tumekubaliana kila mtu abaki alipokuwa." Kicheko kikawa kikubwa, hata Mwalimu alitabasamu. Madam, ambaye alikuwa anatoka jasho, akasema ploti yetu haitahesabiwa. Akahesabu waliobaki. Haikuhitaji hesabu, ilionekana kwa macho kwamba mstari wa Mwalimu ulikuwa mrefu zaidi. Njia ingefungwa.

Nilianza kuwaza ni nani angetusaidia kupakia vitu vya nyanya. Darasani tulipochagua kiranja, ukishinda umeshinda, kengele inalia, mnakwenda nyumbani. Madam naye alifikiri hivyo, alikuwa ameshafunga mkoba. Lakini hakuna aliyeondoka. Wazee wa mistari yote miwili walirudi kuketi chini, kana kwamba ndiyo kwanza wamefika.

Hajji akabaki amesimama. "Madam," akasema, "kuhesabu kumeisha. Sasa tuongee."

Madam akasema hakuna cha kuongea, kura imeamua. Hajji akajibu kwamba hapingi kura. Yeye ameshindwa na amekubali, mifugo yake ataipitisha mbele, ana vijana wa kuichunga na ana lori. Halafu, bila kumtazama nyanya, akanyoosha mkono upande wake. Akasema kuna mama pale hana lori. Kama angekuwa katika mstari wake yeye Hajji, asingesema kitu, kwa sababu aliyeshindwa haombi. Lakini mama huyo amesimama na walioshinda.

"Sasa nyinyi mlioshinda," akasema, "mtamfungia nje mtu wa mstari wenu?"

Nilimtazama nyanya, yeye alikuwa anatazama ncha ya fimbo yake. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa na leso, akaivaa tena. Wazee wakaanza kuongea, mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili, kwa Kiborana, kwa Kimeru, na wakati mwingine wawili kwa pamoja. Ilichukua muda mrefu kuliko ule wa kupiga kura. Mwisho Mwalimu akasema ua utajengwa, lakini kutakuwa na mlango mdogo upande wa laga, usiopitisha pikipiki, utakaofunguliwa asubuhi na jioni, na ufunguo utakaa na nyanya.

Bwana wa ofisi aliyevuta kofia akauliza, "Basi tumepiga kura ya nini?"

"Ya ua," Mwalimu akamjibu. "Na ua utajengwa. Kaa chini."

Hajji akainua mikono akaomba dua, tukasema amin. Mwalimu akaomba kwa njia yake, tukasema amina. Mimi nilisema zote mbili. Madam alikuwa ameketi na mkoba magotini, na nadhani yeye na mimi ndio tuliokuwa hatujui kilichotokea.

Ua umejengwa. Mlango ni wa bati, mwembamba, mbuzi hupita mmoja mmoja wakisukumana. Nyanya hajaenda Ngare Mara. Kondoo wa Hajji nao hupita hapo siku lori likiwa safarini. Baada ya swala ya alfajiri nasikia salaam aleikum yake nje, na nyanya anakwenda na ufunguo, anamfungulia, hasemi neno, anarudi kuwasha moto.

Nimemuuliza nyanya kwa nini alisimama pale. Mara ya kwanza alisema ni kwa sababu ya maji ya Mwalimu. Siku nyingine akasema upande ule tangi lilikuwa linatupa kivuli na magoti yalimuuma. Nilipouliza tena akasema aliona mapema nani atashinda, na anayeshinda ndiye mwenye kitu cha kutoa. Kisha akacheka, na sikujua kama anacheka jibu au ananicheka mimi. Nimewaza pia kwamba labda yeye na Hajji walipanga, lakini watapangaje watu wasiosalimiana? Na kama nami ningekwenda nyuma ya Mwalimu, au yeye angekuja nyuma ya Hajji, mlango ungekuwepo? Kura yetu haikuhesabiwa, na bado naona kama ndiyo iliyofanya kazi. Nikifika hapo kichwa kinaniuma.

Mkutano wa mwaka huu umekaribia. Wapo wakazi wapya wanaosema mlango huo haukupigiwa kura na lazima uzibwe. Madam amepita nyumba kwa nyumba kuuliza msemaji wa kila ploti ni nani. Nyanya amemjibu kwamba ni mimi. Madam alipoondoka, akaniambia nisimame ninapotaka, naye atasimama anapotaka. Nimemuuliza atasimama wapi, akasema atajua akifika.

Mimi ndiye nitakayeitwa kwanza, na nyanya akikosa mlango atahama, hilo halijabadilika. Nikisimama na wanaoutetea mlango na wakashindwa, nani atamwombea? Nikisimama na wanaotaka uzibwe, nitamtazamaje? Nyinyi mnaosoma haya, huko kwenu inakuwaje? Inayoamua ni hesabu, au ni yale maneno yanayokuja baada ya hesabu? Na nyumba moja ikiwa na mioyo miwili, msemaji husimama wapi? Tafadhali niandikieni, hata mistari michache, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote, na ningefurahi sana ikinifikia kabla ya Desemba.